Viini 8, Kazi Asilimia 13

Jumamosi moja, saa 4 usiku, nilikuwa studio kwetu karibu na Makoroboi, hapa Mwanza, nikisubiri kompyuta imalize kurenda video ya harusi, yaani kuzigeuza picha nilizohariri ziwe faili moja la kutazama. Pembeni yangu alikaa shangazi wa bibi harusi, flashi mkononi. Asubuhi alikuwa anapanda meli ya Nansio kurudi kwao Ukerewe, na aliahidi ukoo mzima kwamba hatarudi mikono mitupu. Mstari wa kijani ulikuwa umefika asilimia 41 na hauna haraka yoyote. Shangazi akaitazama mashine, akaisikiliza, akaniuliza: "Mwanangu, mbona imenyamaza hivi? Imelala?"

Nilitaka kumwambia kompyuta hailali, kwamba hiyo ni Core i7-9700 yenye viini 8, na kwamba nilijinyima mengi kuinunua kwa ajili ya kazi hizi hizi. Badala yake nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili nione prosesa, ubongo wa kompyuta, inafanya nini. Asilimia 13. Nikageuza mchoro unionyeshe kila kiini peke yake: kimoja kimepanda hadi juu, saba vinachezacheza chini. Baada ya muda kidogo zamu ikahamia kiini kingine, na cha kwanza kikashuka kupumzika.

Gawanya 100 kwa 8, unapata 12.5. Feni ilikuwa kimya kwa sababu wafanyakazi saba kati ya wanane walikuwa wamekaa, na shangazi alilijua hilo kwa sikio tu, kabla yangu mimi ninayelipwa kulijua.

Makala haya ni jibu refu la swali lake. Usiku ule sikuwa na muda wa kumjibu.

Mikono iliongezwa kwa sababu mwendo uligoma

Kiini kimoja ni prosesa kamili. Kinachukua agizo kutoka kwenye kumbukumbu, kinalisoma, kinalitekeleza, kinaweka jibu mahali pake, kinachukua lingine. Kikiwa na mapigo ya GHz 3, maana yake moyo wake unapiga mara bilioni 3 kwa sekunde. Kwa miaka mingi kompyuta ya mezani ilikuwa na kiini kimoja tu, na hakuna aliyehitaji neno la kukiita. Ilikuwa prosesa basi.

Wakati ule watengenezaji walikuwa na njia moja rahisi ya kukufurahisha, nayo ni kuongeza mapigo. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista (viswichi vidogo sana vya umeme) kama 2,300 na ilipiga mara 740,000 kwa sekunde. Pentium ya kwanza, 1993, ilitoka na MHz 60 na 66, yaani mapigo milioni 60 na 66 kwa sekunde. Machi 2000 AMD na Intel wote wawili walivuka GHz 1, wakipishana siku chache. Mwaka 2004 Pentium 4 ikafika GHz 3.8. Ukipiga hesabu kuanzia 1993, ndani ya miaka 11 mapigo yaliongezeka zaidi ya mara 57. Halafu tazama kilichofuata: Core i9-13900KS, iliyotoka mwaka 2023 na kutangazwa kwa mbwembwe, inafika GHz 6. Miaka 19, na hata mara mbili haijatimia.

Kilichozuia ni joto. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake pale IBM walionyesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, volti zake nazo zinaweza kupunguzwa, kwa hiyo unaweza kubana transista nyingi zaidi mahali palepale bila kuzidisha joto. Neema hiyo ilidumu miongo mitatu. Kufikia kama 2005 transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulianza kuvuja hata zikiwa zimezimwa, na volti zikagoma kushuka zaidi. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2004, Intel ilikwishafuta mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya GHz 4.

Hapa kuna hesabu ndogo inayoeleza karibu kila kitu, nami naomba uifuate polepole. Umeme unaoliwa na prosesa unakwenda na mapigo yake, lakini pia unakwenda na volti zikizidishwa kwa zenyewe. Na ukitaka mapigo ya juu, kwa kawaida lazima uongeze na volti. Basi ongeza vyote viwili kwa asilimia 20: 1.2 mara 1.2 mara 1.2 ni 1.73. Umepata mwendo wa asilimia 20, umelipa joto la asilimia 73. Sasa igeuze. Punguza vyote viwili kwa asilimia 20: 0.8 mara tatu ni 0.51. Nusu ya umeme. Kwa hiyo kwa umeme uleule wa kiini kimoja kinachokimbia, unaweza kuendesha viini viwili vinavyotembea, kila kimoja kwa asilimia 80, na kwa pamoja vikafanya kazi ya 1.6. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa kompyuta iliyo mbele yako.

IBM walikwishaweka viini viwili kwenye POWER4 mwaka 2001, lakini hiyo ilikuwa ya mashine kubwa za maofisi. Mwaka 2005 AMD na Intel wakaleta viini viwili mezani kwa mtu wa kawaida. Tangu hapo namba zimepanda: 4, 8, 16, na kwenye seva zaidi ya 100.

Ila kuna deni lililohamishwa kimyakimya. Zamani programu yako ya zamani ilikwenda kasi zaidi kwa wewe kununua mashine mpya tu, bila mwandishi wake kugusa herufi. Baada ya 2005 haikuwa hivyo tena. Programu iliyoandikwa kwa mkono mmoja itabaki na mkono mmoja hata ukiipa prosesa ya viini 64. Mzigo ulitoka kwa wahandisi wa silikoni ukawaangukia waandishi wa programu, na wengine hadi leo hawajaubeba.

Karani wa Mwaloni

Twende Mwaloni, Kirumba. Asiyepafahamu, ni soko la samaki na dagaa pale ufukweni, na harufu itakuelekeza. Lori limeegeshwa, magunia ya dagaa wakavu yamepangwa, vijana wanabeba begani. Lakini gunia haliendi moja kwa moja kwenye lori. Linapita kwenye mizani. Mizani ni moja, na nyuma yake kuna karani mmoja mwenye daftari, na kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isitembee.

Tuseme mzigo wote unachukua dakika 100 kijana akiwa mmoja: dakika 90 za kubeba, dakika 10 za kupima na kuandika. Waongeze wawe wawili: kubeba kunashuka hadi dakika 45, jumla 55. Wakiwa wanne, 32 na nusu. Wakiwa wanane, 21 na robo. Wakiwa 16, karibu 16. Waite vijana wote wa Kirumba, 90, kila mmoja abebe dakika 1: jumla dakika 11. Huwezi kwenda chini ya 10 hata ukiwaongeza na wa Igogo, kwa sababu dakika hizo 10 ni za karani, na karani hagawiki.

Tazama vijana wanane: umelipa watu wanane, umepata kasi ya mara 4.7. Kumi na sita, mara 6.4. Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani aliyekuwa IBM, alilisema jambo hili mwaka 1967, wakati wenzake walikuwa wameanza kuota ndoto za mashine zenye prosesa nyingi. Hoja yake ni hii: usihesabu mikono, tafuta kwanza sehemu ya kazi isiyogawika, maana hiyo ndiyo itakayokupangia muda.

Kwenye video yangu, karani alikuwa kichujio. Ukumbi ulikuwa na taa hafifu, picha zikaingia chengachenga, nikaweka kichujio cha zamani cha kuziondoa. Kichujio hicho kinafanya kazi nzuri sana, lakini kiliandikwa kwa mkono mmoja. Programu ya kuhariri ilikuwa tayari kutumia viini vyote 8, ila kila picha ilibidi ipite kwa karani huyo kwanza, na saba wakabaki foleni wakipiga stori.

Nisiwe mnyimi, kuna upande wa pili wa hadithi. Mwaka 1988 John Gustafson alitoa hoja kwamba watu wakipata mikono mingi hawaleti mzigo uleule. Wanaleta mkubwa zaidi. Ni kweli kabisa. Nilipokuwa na viini viwili nilipiga harusi kwa kamera moja. Nilipopata 8, nikaanza kamera tatu na picha za 4K. Mzigo wa kubeba umekua, karani bado ana dakika zake 10 zilezile, na mikono ya ziada inapata cha kufanya. Amdahl anaangalia mzigo wa leo, Gustafson anaangalia tamaa ya mteja.

Kwa nini basi usiweke makarani wawili? Jaribu. Daftari linasomeka magunia 340. Karani wa kwanza anasoma 340, anaongeza lake kichwani. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma 340, anaongeza lake. Wa kwanza anaandika 341. Wa pili anaandika 341. Magunia mawili yameingia kwenye lori, daftari limeona moja. Hakuna aliyeiba, na kila mmoja alifuata utaratibu. Kosa la namna hii ndilo linalowatesa waandishi wa programu za viini vingi kuliko lolote, maana halitokei kila mara. Unaijaribu programu mara 50 inakwenda sawa, siku ya mteja inakosea.

Dawa yake ndiyo ile kalamu ya kamba: asiye na kalamu haruhusiwi hata kusoma namba. Wataalamu wanaiita kufuli. Inafanya kazi, lakini angalia ulichofanya: umerudisha foleni. Na ukiweka makufuli mengi ovyo, kuna siku mmoja atashika kalamu akisubiri daftari, mwenzake ameshika daftari anasubiri kalamu, na wote wawili ni wavumilivu. Hapo ndipo programu inapoganda, si kwa kuchoka bali kwa adabu.

Kusubiri kivuko

Kuna jambo linalonikera kwenye mazungumzo ya kompyuta pale madukani. Watu wanaulizana viini na GHz, hawaulizani mzigo unafikaje kwenye viini. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, basi lenye injini kali na basi bovu yalifika Sengerema karibu saa ileile, kwa sababu yote mawili yalisubiri kivuko. Prosesa inaishi maisha hayo kila siku.

Chukua prosesa ya GHz 3. Pigo lake moja ni theluthi ya nanosekunde, muda usioshikika akilini, basi tulivute liwe sekunde 1. Kwa kipimo hicho, kuchukua namba kwenye kashe ya kwanza, stoo ndogo iliyo ndani ya kiini chenyewe, ni sekunde 4 au 5. Umenyoosha mkono mezani. Kuifuata kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni kama dakika 5: umetoka, umekwenda dukani, umerudi. Kuifuata kwenye SSD nzuri, diski ya kisasa isiyozunguka, ni siku 3 na nusu, muda wa kutosha kwenda Dar es Salaam kwa basi na kurudi. Kuifuata kwenye diski ya zamani inayozunguka ni karibu mwaka mzima. Na kiini kinachosubiri namba kutoka RAM kinakaa tu, huku kikionekana kwenye mchoro kana kwamba kina kazi nyingi.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya prosesa ya leo si mashine ya kukokotoa, ni stoo. Hiyo i7-9700 yangu ina kashe ya KB 256 kwa kila kiini, juu ya ile ndogo ya kwanza, halafu kuna stoo ya pamoja ya MB 12 ambayo viini vyote 8 vinachangia. Na kuchangia kuna gharama yake. Kiini kimoja kikibadilisha namba ambayo wenzake wana nakala yake, nakala zao zimepitwa na lazima waambiwe. Viini vikiandika mahali pamoja mara kwa mara, vinatumia muda mwingi kupeana taarifa kuliko kufanya kazi, kama ofisi yoyote unayoijua.

Kutokana na kusubiri huku kulizaliwa pia kile kinachoitwa nyuzi. Intel walianza mwaka 2002: kiini kimoja kinapewa kazi mbili, na moja ikienda dukani kufuata namba, kinaendelea na ya pili badala ya kukunja mikono. Kwa hiyo ukisoma "viini 4, nyuzi 8", usifurahi kana kwamba una mikono 8. Una vijana 4 wanaojua kutumia muda wa kusubiri. Inasaidia, ila haifiki mara mbili. (Prosesa yangu haina hilo kabisa: viini 8, nyuzi 8, na ndiyo maana asilimia 12.5 ilinihusu.)

Hapo hapo nikupe ushauri wa bure. Mashine nyingi za mtumba zinauzwa na kijiti kimoja cha RAM. Vijiti viwili vya GB 8 vikikaa kwenye nafasi zake sahihi vinafungua njia mbili za kupitisha data kwa wakati mmoja. Kijiti kimoja cha GB 16 kinakupa njia moja. Jumla ni ileile, lakini kwa viini 8 vyenye njaa tofauti utaiona, hasa kama prosesa inatumia RAM hiyo hiyo kuchora picha.

Kazi zinazogawika zenyewe

Si kila kazi ina karani mkali. Kusahihisha rangi za video ni kazi tamu kwa viini vingi: picha ya 4K ina vitone zaidi ya milioni 8, na rangi ya kitone cha kona hii haihitaji kujua lolote kuhusu kitone cha kona ile. Kata picha vipande 8, kila kiini na chake. Kata vipande elfu, na hapo ndipo kadi ya picha inapoingia, maana yenyewe ina viini vidogo kwa maelfu. GeForce RTX 3060 ina 3,584. Kila kimoja ni mjinga kidogo ukikilinganisha na kiini cha prosesa. Lakini kwa kazi ya kubeba magunia yanayofanana nani anahitaji profesa?

Kubana video ni ngumu zaidi. Programu haihifadhi kila picha nzima; inahifadhi picha moja kamili, kisha kwa zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Bibi harusi amegeuza kichwa, ukuta nyuma yake uko palepale, basi ukuta hauandikwi tena. Ni akili nzuri ya kuokoa nafasi, ila maana yake picha ya pili inaisubiri ya kwanza. Wajanja wakatafuta mianya: picha ya pili inaweza kuanza juu wakati ya kwanza bado inamalizia chini, au unakata video nzima kwenye zile picha kamili, kila kipande kikajitegemea. Shika hilo la kukata, nitalirudia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko nje ya dirisha. Usiku ardhi inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda, na radi zinazaliwa saa ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Kutabiri hilo ni hesabu nzito. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba kama 68,800. Likate kwa vipande vya kilomita 4 kwa 4: vipande 4,300. Juu ya kila kimoja panga ghorofa 70 za hewa: vijumba 301,000, kila kimoja na joto lake, unyevu wake, mgandamizo wake na upepo wake. Na hapo hujaweka nchi kavu inayolizunguka, ambayo huwezi kuiacha. Halafu sogeza saa mbele sekunde chache, kokotoa vyote upya, sogeza tena, hadi ufike kesho.

Viini vinagawana ramani. Hiki kinachukua anga ya Ukerewe, kile ya Ukara, kingine Ghuba ya Speke. Ndani ya eneo lake kila kimoja kinafanya mambo yake bila kumuuliza mtu. Lakini upepo haujui mipaka, kwa hiyo kila hatua ikiisha majirani lazima wapeane taarifa za mipakani: kwangu joto liko hivi, kwako je? Eneo likiwa kubwa, kazi ya ndani ni nyingi na maongezi ni machache. Ukigawa vipande vidogo mno ili utumie viini vingi zaidi, ndani kunabaki kidogo na mpaka unabaki mrefu, viini vinaongea kuliko kukokotoa. Wenye kompyuta kubwa za hali ya hewa wanahangaika na mizani hiyo siku zote, na wao saa inawabana kweli: utabiri wa saa 12 jioni unaomaliza kukokotolewa saa 9 usiku haumsaidii mtu aliyekwisha kusukuma mtumbwi.

Kibandiko hakisemi kweli yote

Sasa la mfukoni. Laptopu za mtumba zimejaa mjini, na kibandiko cha i7 kinaongeza bei hata mashine ikiwa imechoka. Mimi mwenyewe niliwahi kumshauri ndugu yangu akanunua i7-7500U kwa sababu ya kibandiko, na bado ananikumbusha kila tukikutana. Prosesa hiyo, ya mwaka 2016, ina viini 2. Mwaka uliofuata Intel ilitoa i5-8250U, yenye viini 4. Kwa kazi inayogawika, i5 hiyo inaiacha i7 ile mbali, na dukani mara nyingi ni ya bei ndogo. Usisome i5 au i7 peke yake. Soma namba yote, kisha itafute.

Na hata idadi ya viini siku hizi ina mafumbo. Arm, kampuni inayobuni prosesa za simu, walitangaza mwaka 2011 mtindo wa kuchanganya viini vikubwa na vidogo kwenye prosesa moja, vikubwa kwa kazi ngumu, vidogo kwa kazi za kutunza betri. Simu nyingi za "viini 8" ziko hivyo. Intel wakaufuata kwa nguvu kwenye kizazi cha 12 kuanzia 2021. Core i5-1235U inauzwa kama ya viini 10. Ni kweli ni 10: vikubwa 2, vidogo 8. Sisemi ni mbaya. Nasema anayekuuzia akisema kumi, muulize vikubwa vingapi.

Halafu kuna joto letu na vumbi letu. Kiini kikifanya kazi peke yake huruhusiwa kupandisha mapigo, kwa kuwa jirani zake wamepoa. Vyote vikiamka, kila kimoja lazima kishuke kidogo. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo cha digrii 100, na zikikaribia hapo zinajipunguza mwendo zenyewe bila kukuomba ruhusa. Nimefungua laptopu ambazo feni zake zilikuwa zimevaa blanketi la vumbi. Mwenyewe analalamika amedanganywa mashine, kumbe ana viini 4 vinavyotembea kwa kuchechemea. Brashi ndogo na dawa mpya ya kupitisha joto vikairudisha. Na tafadhali, laptopu inayorenda isiwekwe juu ya godoro.

Turudi usiku ule. Nilianza kurenda saa 12 jioni, saa 4 ilikuwa asilimia 41. Kwa mwendo huo ingemaliza karibu saa 10 alfajiri. Nikamwangalia shangazi, nikaangalia ule mstari wa kijani, nikafanya kitu kilichoniuma: nikasimamisha kila kitu. Saa nne za kazi zikaenda.

Nikaikata harusi vipande vinne, kila mkato mahali tukio linapobadilika: kuingia ukumbini, keki, zawadi, muziki. Nikafungua programu mara nne, kila moja na kipande chake na karani wake. Viini vinne vikapanda. Ila baada ya dakika chache GB 16 za RAM zikajaa, mashine ikaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na unakumbuka safari ya diski ni ya muda gani. Nikafunga kimoja, nikabaki na vitatu vikienda pamoja, nikipanga upya mikato. Prosesa ikakaa kwenye asilimia 40 na kidogo. Haikuwa 100, na nilijua haitafika. Lakini saa 8 kasoro usiku vipande vyote vilikuwa tayari, na kuviunganisha bila kubana upya kulichukua dakika chache tu.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule, mara tu vile vipande vitatu vilipoanza kwenda, feni ilianza kuvuma, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Shangazi aliisikia kabla sijamwambia lolote. "Eeh, sasa imeamka," akasema, akajifunika khanga, akalala yeye.